Siku Walipotoa Kochi Nje

Fundi aliambiwa kwamba zawadi zile hurudiwa. Aliambiwa na jirani yake wa mlango wa pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, na aliambiwa akiwa na pini nne mdomoni, kwa hiyo hakuweza hata kuuliza. Redio alisema yule mtangazaji wa televisheni, anayejiita Dada Huruma, huingia nyumbani kwa mtu na zawadi, hupigwa picha akimkumbatia mwenye nyumba, halafu kesho yake huja gari lisilo na maandishi, hushuka wanaume wawili, hubeba kila kitu. Jokofu lile lile limeshatolewa kwa wajane watatu. Wa tatu alikuwa hajamaliza hata kulichomeka.

Fundi alitemea pini kiganjani, akauliza nani kasema.

"Watu wanasema," Redio akajibu. "Na watu hawawezi kukaa tu wakabuni jokofu, shoga."

Maneno yale yalimganda. Alikata kola nayo, akapiga pasi nayo, akapakua chakula nayo. Juzi yake tu alikuwa amekuja mwanamke wa miwani, msaidizi wa Dada Huruma, akaandika jina lake kwenye daftari na kumwambia ajiandae, Alhamisi ataletewa cherehani mpya. Na Fundi aliihitaji cherehani hiyo kuliko alivyopenda kukiri. Shule anayosoma bintiye ilikuwa imempa kazi ambayo hajawahi kuipata tangu aanze kushona: sare za watoto wote wanaoanza darasa la kwanza, mashati na sketi na kaptula. Majora manne ya kitambaa cha buluu yalikuwa yamesimama kwenye kona ya chumba kama wageni waliokataa kukaa. Cherehani yake ya zamani ilikuwa inaruka mishono na kukata uzi kila ikisikia joto. Kwa mwendo ule wa kutambaa, wale watoto wangevaa sare zao wakiwa darasa la tatu.

Basi akawaza, na alichowaza kilimfanya ajione mwerevu. Mwanamke wa miwani aliporudi kuthibitisha, Fundi alimwambia hataki kitu bila karatasi. Anataka karatasi iliyoandikwa kwamba cherehani ni yake, imesainiwa, ina muhuri.

Mwanamke wa miwani alimtazama, kisha akatabasamu kama mtu aliyerahisishiwa kazi. Akasema hata wao wanapenda sana karatasi.

Karatasi zikaja, tatu, zimebanwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa na herufi kubwa nzuri. Fundi, aliyeishia darasa la saba na kujivunia kwamba anasoma bila kutikisa midomo, aliipitia kwa kidole mpaka alipofika kwenye maneno "itakuwa mali yake moja kwa moja." Aliyasoma mara tatu. Ya pili na ya tatu zilikuwa na herufi ndogo kama mayai ya chawa, bintiye alikuwa shuleni, na mwanamke wa miwani alikuwa anaangalia saa. Akasaini zote, akaachiwa nakala. Alirudisha kalamu akiwa amenyoosha shingo, kama mtu aliyemfunga mwizi kwa kamba ya mwizi mwenyewe.

.

Alhamisi walifika saa tatu asubuhi, watu saba na masanduku. Mpiga picha alisimama mlangoni, akakitazama chumba, akasema pamejaa.

Fundi alidhani ni sifa. Akaomba radhi kwa jinsi vitu vilivyobanana, akaanza kueleza hizi ni nguo za nani na zile ni za nani, maana zilikuwa zimetundikwa ukutani zote, kila moja na kikaratasi chenye jina la mteja. Mpiga picha akamwambia mwanamke wa miwani kwamba kochi linaleta maswali.

Kochi lile lilikuwa jekundu, la watu watatu. Fundi alilipata kwa kushona magauni ya wasimamizi wa harusi mbili mfululizo, na tangu liingie hakuna mgeni aliyeketi kwenye ndoo nyumbani kwake. Mwanamke wa miwani akamshika bega, akamweleza kwa upole kwamba wanaotazama ni watu wazito wa kutoa, wakiona kochi wanabadilisha stesheni. Ni kwa muda mfupi tu. Ni mambo ya picha.

Kochi likatoka. Likafuatwa na televisheni, kisha meza ya kukatia, kisha nguo za wateja, kisha majora manne ya shule, vyote vikaenda kurundikwa kwa Redio. Cherehani ya zamani ilipelekwa nyuma ya nyumba, ikafunikwa gunia. Mmoja wao akaona zulia dogo la mlangoni ni zuri mno, akalikunja. Vilibaki mkeka, sufuria moja, na alama nne za miguu ya kochi sakafuni, ambazo mpiga picha alizifuta kwa kiatu.

Bintiye, ambaye siku hiyo aliombewa ruhusa shuleni, alisimama katikati ya ule utupu akiwa amevaa gauni la kufulia, kwa sababu lile alilochagua mwenyewe lilisemwa kuwa linang'aa.

"Mama," akauliza, "kwani tunahama?"

Fundi akamwambia akae kimya, yatakwisha sasa hivi. Alisema hivyo bila kumtazama.

Dada Huruma aliingia mwisho, baada ya taa kuwashwa. Alikuwa mdogo kuliko anavyoonekana kwenye televisheni, na alinukia duka zima la manukato. Alivua hereni, akavua saa, akavua pete mbili, akampa mwanamke wa miwani vyote kama mtu anayeingia jela. Wakamtandikia kitambaa safi juu ya mkeka, akajaribu kukaa, akapata namna ya kukunja miguu bila kuumia, kisha kamera ilipowashwa kile kitambaa kikachomolewa chini yake haraka, akabaki kwenye mkeka mtupu, mnyenyekevu. Ukiwa na watu sita wa kukusaidia, kukaa chini ni jambo linalowezekana.

Akaanza na mtoto. Alimwuliza babake yuko wapi. Mtoto akasema alifariki. Akamwuliza alikuwa anamwitaje. Binti, ambaye miaka yote hiyo hakuwa ameulizwa na mtu jambo hilo, alifungua mdomo, na badala ya jina yakatoka machozi. Dada Huruma akamvuta kifuani. Mpiga picha akasema samahani, kulikuwa na kivuli. Wakaomba alie tena. Fundi alitaka kusema neno, lakini wakati huo huo mlangoni iliingia cherehani, nyeusi inayong'aa, imefungwa utepe, na ubavuni imebandikwa picha ya uso wa Dada Huruma ukitabasamu. Neno likarudi lilikotoka.

Wakati anakumbatiwa mbele ya kamera, Fundi alikuwa akichungulia juu ya bega la mtu yule mashuhuri, akisoma namba iliyochongwa kwenye chuma ili aishike kichwani. Wakija kesho na maneno yao, namba anayo na karatasi anayo.

Walipoondoka walikuwa na haraka ya nyumba nyingine, kwa hiyo waliobeba kochi kulitoa hawakuwepo kulirudisha. Fundi na bintiye na Redio waliliburuta wenyewe. Mguu mmoja ukavunjikia kizingitini.

.

Siku tatu Fundi hakutoka nyumbani. Aliinunulia cherehani mnyororo, akaifunga kwenye mguu wa kitanda, akakaa mlangoni na kazi mapajani. Kila gari lililopunguza mwendo lilimfanya asimame na mkasi mkononi. Redio alikuja kumsaidia kulinda na akamsaidia zaidi kunywa chai. Hakuna aliyekuja. Siku ya nne Fundi alicheka kwa sauti, akamwambia jirani yake kwamba masafa yake yana mikwaruzo. Redio alinuna, akasema basi labda ni jokofu tu wanalorudia.

Cherehani ilikuwa nzuri, tuseme kweli. Ilikwenda kama maji. Kwa wiki moja Fundi alimaliza jora moja zima la mashati na kuanza kola za jora la pili, akaanza kuhesabu wiki na kuona zinatosha.

Kipindi kilirushwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, alasiri. Majirani walijaa chumbani, waliokosa kochi wakakaa chini, wengine dirishani. Fundi alikuwa amesuka. Dada Huruma alitokea kwanza akitembea peke yake kwenye njia ya vumbi ambayo haikuwa ya mtaa wao. Sauti yake ikasema leo anawapeleka kwa mama ambaye hana chochote.

Chumba kikatokea. Watu waliokaa ndani yake hawakukitambua mara moja.

Sauti ikasema mama huyu huokota vitambaa na kushona viraka kwa mkono ili bintiye apate kula. Ikaonyeshwa sufuria. Ikaonyeshwa ndani ya sufuria. Kisha Dada Huruma, peke yake kwenye picha, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, jana mlikula nini?" Swali hilo halikuwahi kuulizwa nyumbani humo. Baada yake yakaja machozi ya binti, karibu kabisa, mpaka ukaona kila tone. Yalikuwa ya babake.

Redio mwenyewe alikuwa kimya, na ndipo watu wakajua kwamba jambo ni zito. Binti aliinuka, akapita katikati ya magoti ya majirani, akatoka. Mmoja wa wageni, kwa kutaka kupoza, akasema lakini cherehani imetoka vizuri.

.

Jumatatu walianza kuja. Wa kwanza alikuwa shangazi wa bibi harusi, aliyeleta kitambaa cha gauni wiki mbili nyuma na kusisitiza kwamba hamwamini mwingine. Akasema mipango imebadilika kidogo, anakiomba kama kilivyo. Fundi alimkunjia. Kupitia dirishani alimwona anavuka barabara nacho, anaingia kwa fundi mwanaume aliye karibu na duka la dawa.

Wa pili alikuwa karani mstaafu aliyeleta kitambaa cha suruali mbili. Huyu alikifungua palepale, akakipima kwa mkono, kiganja baada ya kiganja, midomo ikihesabu, mbele ya macho ya mwenye nyumba. Kilitimia. Hakuona haya. Akasema mtu akiwa na njaa si kosa lake, hata yeye angefanya hivyohivyo.

"Ungefanya nini?" Fundi akamwuliza.

Karani akajibu kwamba hakusema kitu, akaaga.

Wa tatu hakuja kuchukua. Alikuja kuleta: mfuko wa nguo kuukuu za wanawe, kwa ajili ya binti. Nguo mbili kati ya hizo Fundi alikuwa amezishona yeye mwenyewe, na aliutambua mshono wake kabla hajaambiwa ni za nani. Akaupokea mfuko na kushukuru, kwa sababu hakupata namna nyingine ya kuufunga mlango.

Jumanne alikuja mwalimu mkuu. Alikaa kwenye lile kochi la mguu uliovunjika, likamwinamisha upande, akaendelea kuongea akiwa ameinama vilevile kwa heshima. Alisema wazazi wamepiga simu. Wanauliza kitambaa cha watoto wao kimewekwaje kwenye nyumba ambayo sufuria yake imeonekana na nchi nzima. Fundi alimwonyesha majora, akamwonyesha mashati yaliyokwisha, yamepigwa pasi, yamefungwa kumi kumi. Mwalimu mkuu alilishika shati moja, akaligeuza ndani nje, akakiri kwamba ni kazi safi.

"Mimi sisemi kwamba utauza, mama. Wazazi ndio wanasema."

Fundi akamwuliza sasa afanye nini. Mwalimu mkuu akafikiri, akasema yule dada aliyewatangaza ndiye anayeweza kulinyoosha. Akisema hewani, kwa kinywa chake, kwamba huyu ni fundi mwenye kazi zake na wateja wake, wazazi watanyamaza. Yeye mwalimu atawazuia mpaka Ijumaa. Alipofika mlangoni alikumbuka jambo, akageuka na kusema kuhusu binti, shule imemwandika kwenye orodha ya chakula cha bure, asiwe na wasiwasi.

Binti alikuwa nyuma ya pazia. Kesho yake hakwenda shule.

.

Kwenye jengo la televisheni Fundi alisubiri tangu saa mbili mpaka mchana, kwenye kiti laini, chini ya picha ya Dada Huruma yenye urefu wa mtu mzima na nusu. Mwanamke wa miwani aliposhuka alikuwa mwepesi kama siku zote. Alisikiliza, akapanda juu, akarudi na karatasi ya tatu, akaweka ukucha wake mwekundu mahali pake. Palisema simulizi ya mpokeaji, na picha zake, na za watoto wake, ni za kipindi, na zitapangwa kama kipindi kitakavyoona inafaa. Chini yake palikuwa na saini ya Fundi, nzuri, yenye mkia.

"Karatasi si uliitaka mwenyewe, mama?"

Lakini hakumwacha hivihivi. Alimwambia kesho yake, Alhamisi, kuna hafla kubwa ya kuchangisha, itaonyeshwa moja kwa moja, na yeye ni miongoni mwa wageni wa heshima. Dada mwenyewe atakuwepo. Aje aseme naye.

Alikwenda. Alivaa gauni alilojishonea, la kijani, lenye pindo la mkono, na mlangoni wakamwomba avae juu yake fulana nyeupe yenye uso wa Dada Huruma kifuani. Wanawake wengine tisa walikuwa wamevishwa hivyo, wamepangwa kwenye benchi, nyuso kumi juu na nyuso kumi chini. Mmoja alijitambulisha kuwa mjane aliyepewa jokofu. Fundi alimwuliza kwa sauti ndogo kama lilirudiwa. Mjane akasema lipo, wala hakuna aliyekuja, ila umeme alishakatiwa zamani, analiweka vyombo.

Walimruhusu kumwona Dada Huruma kwenye chumba cha kupakwa poda, dakika mbili. Mtu mashuhuri alikuwa amefumba macho, anapigwa brashi. Fundi alisema yote aliyokuja kuyasema: kochi, majora, wazazi, Ijumaa. Aliomba sentensi moja tu. Aseme, huyu ni fundi, ana kazi yake.

Dada Huruma alifumbua jicho moja, lile lililokwisha kupakwa.

"Mama yangu, nakupenda, ndiyo maana nakwambia ukweli. Watu hawachangii kochi."

"Mimi sitaki wachangie. Nataka wasinichukulie kazi."

"Kwani cherehani tumekunyang'anya?"

Fundi akasema hapana. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba jibu lilikuwa hapana.

Akaitwa jukwaani wa nne. Ukumbi ulijaa watu walioshiba wanaosikitika vizuri. Alipewa kipaza sauti ili ashukuru, akaongea polepole ili kila mzazi aliye mbele ya televisheni yake asikie.

"Mimi ni fundi. Nimeshona miaka kumi na tisa. Nina kochi nyumbani. Nina wateja. Kabla ya cherehani hii nilikuwa na cherehani. Mwanangu hajawahi kulala na njaa. Siku ile alimlilia babake."

Fundi aliona mwanamke wa mbele ameshusha uma. Kwa muda wa pumzi moja alidhani amefika.

Dada Huruma alisogea, akamzungushia mkono kiunoni, akakichukua kipaza sauti taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Macho yake tayari yalikuwa na maji.

"Mmemsikia?" akasema. "Wiki mbili zilizopita nilimkuta huyu mama sakafuni. Leo anasimama mbele yenu na kusema, nina kochi. Anasema, nina wateja. Anasema mwanangu halali na njaa. Cherehani moja tu, ndugu zangu. Cherehani moja."

Watu wakasimama. Walipiga makofi mpaka vyombo vikalia mezani. Wengine walikuwa wanalia, na wengine walikuwa wanaingiza mikono mifukoni. Fundi alirudia kwamba kochi ni la zamani, alirudia mara mbili, lakini kipaza sauti hakikuwa naye.

.

Ijumaa mwalimu mkuu alikuja na mkokoteni. Alisema ameitazama hafla, na kweli dada yule amemsifu sana, ila wazazi wanaona mtu aliyeanza kushona juzi hawezi kukabidhiwa sare za shule. Alisema hayo huku anatazama pembeni. Fundi hakubishana. Alitoa majora mawili yaliyobaki mazima na lile lililokatwa nusu, akatoa mashati yaliyofungwa kumi kumi. Mwalimu mkuu akaulizia na zile kola. Akampa na kola.

Mkokoteni ulivuka barabara ukaelekea duka la dawa.

Cherehani ilibaki ilipo, na mnyororo wake mguuni. Hakuna aliyekuja kuidai siku hiyo wala mwezi uliofuata. Fundi alijaribu kuubandua uso wa Dada Huruma kwa kucha, kisha kwa kisu, kisha kwa mafuta ya taa. Mdomo ndio uliokataa kutoka. Bado unatabasamu, karibu na gurudumu, na yeye anashona viraka, maana viraka ndivyo anavyoletewa sasa na watu wanaodhani wanamsaidia.

Binti alirudi shuleni wiki ya pili, kwa njia ya nyuma. Jioni moja alirudi mapema na kumkuta mamake ameigeuza nakala yake ya ile karatasi ya tatu, upande wa nyuma ambao hauna maandishi. Mama akamwambia achukue kalamu, yeye ana mwandiko mzuri, aandike kama atakavyotajiwa bila kuongeza pambo. Binti akaandika, mama akaibandika mlangoni kwa nje, pale palipokuwa na bei za kushona. Redio husimama hapo akawasomea wasiojua kusoma, kwa sauti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hatii chumvi. Inasema hivi:

Kina mama, jiepusheni na haya.

Usisaini ya tatu kwa kuwa ya kwanza imekupendeza. Mngoje mtoto atoke shule akusomee.

Kitambaa cha mteja kisitoke chumbani, hata kwa jirani, hata kwa dakika moja.

Mtoto asiulizwe habari za marehemu na mtu aliyekuja na taa.

Wakiomba alie tena, wafukuze.

Usivae fulana yenye uso wa mtu mwingine.

Usikae mlangoni kulinda zawadi. Hakuna anayeirudia.

Usiende kwenye hafla yao kueleza ukweli. Watakupigia makofi.

Wakisema pamejaa, wajibu ndiyo, pamejaa.

Kochi liache lilipo.